Majina Yaliyotajwa Juu ya Ngozi

Kila nipitapo nyuma ya soko, penye lile ghala la ngozi, wenzangu huziba pua na kukaza mwendo. Mimi husimama. Ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa juani ikipata unyevu kidogo hutoa harufu ambayo kwangu si uvundo wala si biashara. Ni harufu ya watu kuzaliwa. Nyinyi wa rika langu mnanielewa. Sisi hatukuzaliwa vitandani. Tulizaliwa juu ya ngozi, ndani ya tembe, zile nyumba zetu za paa la udongo, ndama wakilia upande wa pili wa ukuta, na aliyetoka salama alitoka salama licha ya waliokuwa wakimsaidia.

Juzi nilisimama pale muda mrefu hata mwenye ghala akaniuliza kama nina ngozi ya kuuza. Nilikuwa natoka kliniki nilikomsindikiza mjukuu wangu mwenye mimba. Muuguzi, binti mdogo tu, alitubandikia ukutani picha kubwa ya tumbo la mwanamke lililofunguliwa, mtoto amejikunja humo ndani kichwa kikiwa chini. Akatueleza kwa upole namna mtoto anavyolala, anavyogeuka, na kwamba wengine hawageuki. Bibi wawili wa umri wangu wakawa wanachekacheka nyuma ya kanga zao. Mimi sikucheka. Niliwakumbuka watu wa kwetu, waliojua hayo yote bila kuhitaji picha, na hasira niliyodhani imezeeka pamoja nami ikaamka na meno yake yote.

Zilikuwa zama za Mdachi, nami nilikuwa nimeanza kung'oka meno ya utoto. Kaya yetu ilikuwa ya Jumbe, na Jumbe huyo alikuwa babu yangu, mzaa baba. Serikali ilimpa kanzu nyeupe, kofia nyekundu na ruhusa ya kuwachapa majirani zake, naye akaamini kwamba vitu hivyo vimekuja pamoja na akili. Kwa vumbi letu lile, kanzu ilikuwa nyeupe asubuhi tu. Kufika adhuhuri ilishakuwa rangi ya ukuta, lakini yeye aliendelea kutembea nayo kwa maringo vilevile.

Babu alikuwa na elimu ya kila jambo. Alijua kwa nini mvua imechelewa, kwa nini ng'ombe wanakufa, na barua ya boma inasema nini hata kabla haijasomwa na mtu anayejua kusoma. Lakini elimu yake kubwa ilikuwa ya jinsi mtoto anavyopatikana. Hiyo aliifundisha jioni, wanaume wakiwa wamekaa na pombe yao ya mtama, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni.

"Mwanamke ni kilindo," alikuwa akisema. Mnavikumbuka vilindo, yale mapipa ya magome ya mti tuliyowekea nafaka. "Kilindo hakizai mtama. Mwenye mbegu ni mwanamume. Anaweka, halafu anaongeza, anaongeza, mpaka mtoto anatimia. Ni kama kujenga tembe. Mwanamume ndiye analeta nguzo na boriti, mwanamke kazi yake kukandika udongo."

Wazee waliguna kwa kukubali na kupokezana kibuyu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza swali ambalo hata mbuzi angeuliza: kama kilindo hakina lake katika mtama, mbona mtama ukiharibika kinapigwa kilindo?

Mimi sikuuliza kwa sababu nilimwamini. Nilikuwa nimewaona watu wakijenga tembe, na nilijua kazi inavyokwenda: nguzo kwanza, kuta, kisha boriti za juu, na mwisho kabisa udongo wa paa. Baba yangu alichukuliwa kwenda kufanya kazi kwenye reli wakati tumbo la Mama Mdogo lilikuwa ndiyo kwanza linaonekana. Nikapiga hesabu zangu nikaona baba ameondoka kabla ya kuezeka. Mtoto yule angekuja bila paa. Kwa siku nyingi nilimtazama Mama Mdogo akitwanga, nikimhurumia mtoto aliyemo humo na kichwa chake wazi, nikiomba asinyeshewe.

Niwaeleze Mama Mdogo ni nani. Mama yangu mzazi alifariki akinizaa mimi. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshatolewa, na Babu hakuwa mtu wa kupoteza mwanamke aliyemlipia, kwa hiyo mdogo wa marehemu akaletwa kuziba pengo. Akanikuta mchanga nalishwa maziwa ya mbuzi, akanibeba mgongoni, akanilea. Jina lake Mbeleje. Alikuwa mwembamba, mwenye mdomo mwepesi akiwa na mimi, na mdomo mzito mbele ya wakwe zake.

Habari za mama yangu nilizipata kwa wengine, maana watu wazima hawana haya wakimsema maiti mbele ya mwanawe. Kwetu iliaminika kwamba mwanamke akishindwa kujifungua basi ametoka nje ya ndoa. Mtoto ndani anagoma. Hatoki mpaka mama ataje mwanamume aliyekwenda naye. Akitaja, njia inafunguka. Asipotaja, anakufa, na kifo hicho si msiba bali ni ushahidi. Mama yangu aliulizwa wee, hakutaja, akafa. Ikasemwa amekufa na jina kooni. Hakunyolewa mtu nywele za matanga kwa ajili yake, na watoto wenzangu tukigombana walinipiga kwa neno moja tu: "Wewe wa nani?"

Nami kwa akili zangu za utoto nilidhani lile jina lilimkwama kooni kama mfupa. Ndiyo maana nilitafuna chakula taratibu mno, Bibi akaniita mvivu wa kula. Usiku mwingine nililala najaribu kukisia ni jina gani refu hivyo, lenye miiba kiasi hicho, likamuua mtu.

Siku moja tulikuwa mtoni, mimi na Mama Mdogo, tumechimba mchanga tunasubiri maji yajikusanye shimoni tuyateke kwa kata. Tumbo lake lilikuwa limeshakuwa kubwa hata hakuweza kuinama vizuri. Nikamwambia siri yangu kuhusu paa. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga.

"Nani kakwambia hayo?"

"Babu."

"Babu yako hajawahi hata kuangalia mbuzi akizaa. Anaangalia akishakuwa wa kuchinja."

Nikapata ujasiri. Nikamuuliza, "Na mama yangu alimeza jina la nani?"

Kicheko kikamwisha. Akateka maji kata ya kwanza, akamwaga ndani ya mtungi, ndipo akasema, "Mama yako alimeza mate yake, mwanangu. Hakuwa na kingine kinywani." Halafu akaniambia kwamba siku yake ikifika, nikisikia wanaanza kumuuliza, niende mbali nisisikilize.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anaogopa. Na alikuwa na haki ya kuogopa. Mumewe yuko relini, na vijiwe vyote vilishahesabu miezi kwa vidole vichafu vya pombe. Akichelewa kujifungua ataulizwa. Akikataa kutaja, ataachwa afe kama dada yake. Akitaja mtu ili aokoke, atarudishwa kwao kwa aibu, ng'ombe watadaiwa, mtoto atakataliwa na mimi nitabaki kwa Bibi. Hizo ndizo njia alizoachiwa, na waliozitengeneza walikuwa wamekaa kivulini wanapokezana kibuyu.

Uchungu ulimshika asubuhi, maziwa yamekwisha kukamuliwa. Walitandika ngozi, wakamlaza chali. Hiyo nayo ilikuwa elimu ya kaya yetu: mwanamke alazwe chali, ashikwe barabara, asije akainuka akamkalia mtoto. Bibi, mke wa Babu, akashika miguu. Mama Ndahani, jirani yetu, akashika bega moja. Mama Mkubwa, mke wa kaka yake baba, akashika la pili. Mama Mwaja, ambaye alikuwa mjane, alipewa kazi ya moto na maji, kwa kuwa mjane hana mume wa kumsemea. Mimi nikaambiwa nikae upande wa ndama, nyuma ya vilindo, niwazuie wasiingie. Mama Mdogo aliniambia niende mbali, lakini amri ya Bibi ilikuwa na fimbo nyuma yake. Nikakaa.

Jua likazama, likachomoza tena. Mama Mdogo aliguna mwanzoni, baadaye akawa hata haguni, anahema tu. Kila alipojaribu kujigeuza ubavu, walimrudisha chini. Kwenye saa za kupeleka ng'ombe malishoni, Bibi akajifuta jasho na kuanza.

"Taja, mwanangu. Mficha uchi hazai."

"Sina wa kumtaja, mama."

"Dada yako naye alisema hivyohivyo. Juu ya ngozi hiihii."

Mama Ndahani akadakia, "Mumeo yuko mbali, na sisi si vipofu. Taja tu, Mbeleje. Litabaki humu ndani." Huyu alikuwa mwanamke ambaye tangu azaliwe hajawahi kulaza neno ndani mpaka asubuhi.

"Sina!"

"Basi kufa," Mama Mkubwa akasema, si kwa ukali, kwa uchovu tu wa mtu anayetaka kwenda kupika kwake. "Mtoto anataka kusikia jina la baba yake, wewe unamfungia. Unamuua mwenyewe."

Nasema wazi, miaka yote hii imepita na bado nawadharau. Wanaume wa kwetu walikuwa wajinga kwa raha, wametulia juu ya ujinga wao na vinywaji vyao. Lakini wanawake wale walikuwa wamezaa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, twasema, na wao walikuwa wazazi, kila mmoja alishalala kwenye ngozi na kushikwa mabega. Walijua. Na bado walibonyeza.

Halafu nikasikia sauti ya Mama Mdogo, imetulia kabisa, sauti ileile aliyotumia tukiwa mtoni.

"Haya. Nilegezeni nipate pumzi, nitaje."

Wakalegeza. Hata ndama wangu walitulia.

"Baba Ndahani."

Sikuelewa kwanza kwa nini hakuna aliyeshangilia. Jina si limetoka? Nikachungulia kati ya vilindo viwili, nikamwona Mama Ndahani ameacha bega, mikono yake imebaki hewani.

"Baba Ndahani gani?" akauliza.

"Wako. Kwani wako wangapi? Yule mwenye kovu la moto pajani."

Kovu lile kila mtu alilijua. Wakati wa mvua Baba Ndahani alivuka mto kila siku na nguo yake begani, hata sisi watoto tungeweza kulichora. Lakini mke mwenye wivu hakumbuki mto. Mama Ndahani alitoka mle ndani ameinama kuupita mlango mfupi, na alipofika nje alianza kumwita mumewe kwa sauti ambayo hata walio kwenye kilima cha pili waliisikia.

"Si huyo," Mama Mkubwa akasema haraka. "Mtoto hajasogea. Si huyo."

"Kweli, mama, nimekosea," Mama Mdogo akajibu. "Labda ni mume wako wewe. Kipindi kile ulipokwenda kwenu kwenye msiba."

Mama Mkubwa kweli alikwenda kwao kwenye msiba, na kweli aliporudi alimkuta mumewe mchangamfu kuliko alivyomwacha. Alisimama. Akaketi. Akasimama tena, akatoka bila kusema neno, na hao wasiosema neno ndio wa kuogopwa.

Akabaki Bibi, amekumbatia miguu. "Mwongo mkubwa wewe! Unataja majina ya watu kama unaita kuku! Taja wa kweli!"

"Wa kweli, mama?"

"Wa kweli!"

"Masenha."

Hilo lilikuwa jina la Babu. Nyinyi wa kwetu mnajua uzito wake. Mkwe halitaji jina la baba mkwe wake hata kama nyumba inaungua naye yumo ndani. Halitaji kwa mzaha, halitaji kwa kiapo, na neno lingine likifanana nalo analizunguka. Mimi mwenyewe sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwa mwanamke. Mama Mdogo alilitaja lote, taratibu, kisha akalirudia.

Bibi aliacha miguu. Alitazama huku na huku, akauona mchi umeegemea ukuta, akauchukua, akatoka nao.

Ndani wakabaki watu watatu: Mama Mdogo, mimi, na Mama Mwaja na chungu chake cha maji. Mama Mdogo akageuza shingo akamtazama.

"Mimi niache," Mama Mwaja akasema, ameinua mikono miwili. "Wangu alishakufa, utamsumbua kaburini bure."

"Basi kama huna ugomvi na mimi, njoo uniinue. Na wewe mwanangu, toka huko kwenye vilindo, najua uko hapo. Njoo."

Tukamwinua. Kwa mara ya kwanza tangu jana yake aliondoka mgongoni. Akapiga magoti, akaikumbatia nguzo ya katikati ya nyumba, akaweka paji la uso juu yake. Mimi nikamshika kiuno kwa ubavuni kadiri mikono yangu ilivyofika. Akavuta pumzi. Akasukuma. Nje kulikuwa na makelele ya kila aina, lakini humo ndani palikuwa na utulivu kama wa zizi ng'ombe wakiwa malishoni.

"Miguu," Mama Mwaja akasema kwa sauti ya chini. "Mbeleje, anatanguliza miguu."

"Usivute. Mwache aje mwenyewe."

Akaja. Miguu, makalio, tumbo, mikono, na baada ya kimya kilichonifanya nimng'ang'anie Mama Mdogo mpaka kucha zangu zikamwingia, kichwa. Alikuwa msichana, ana rangi ya zambarau. Mama Mwaja akamfuta, akampuliza, akampiga kofi la makalio, mtoto akalia.

Binti wa kliniki ameshanieleza sasa. Watoto wengi wanageuka wakaweka kichwa chini, wachache hawageuki. Hawagomi, hawasubiri kusikia jina la mtu, hawana habari hata kama wana baba. Wanachohitaji ni nafasi, na mwanamke aliyelazwa chali na kushikwa na watu watatu hana nafasi ya kutoa. Ndiyo yote. Siri nzima ya kaya yetu, iliyomfukia mama yangu bila kunyolewa nywele, inaenea katika maneno hayo machache ya binti aliyevaa kofia nyeupe.

Nilipewa nimshike mtoto kidogo. Nikapapasa kichwa chake, na hapo utosini nikakuta pamelegea, panadunda chini ya kidole changu. Moyo ukanipasuka. "Hana paa!" nikalia. "Nilisema! Baba hakumaliza!" Mama Mwaja na Mama Mdogo walitazamana, wakacheka wote wawili huku machozi yanawatoka, na mimi sikuona cha kuchekesha.

Huko nje, kama nilivyokuja kusimuliwa, mambo yalikuwa mazuri zaidi. Jumbe wa serikali, mwenye kanzu na kofia, alikuwa anazunguka zizi, Bibi na mchi wake nyuma yake, na kanzu ikanaswa na miiba ya ua. Yuko hapo anajinasua, ndipo kilio cha mtoto kikasikika. Watu wote wakasimama. Hata Bibi alishusha mchi. Mnajua alichosema? Hakusema Mungu asifiwe, wala hakuuliza kama mama yuko hai.

"Mmesikia?" akapiga kelele. "Amemtaja huyu, mtoto katoka! Amemtaja huyu, njia ikafunguka!" Na mchi ukapanda tena juu.

Kesho yake wanaume walikusanyika barazani. Baba Ndahani alikuja na jicho moja limefumba, Baba Mkubwa alikuja hajala tangu jana. Babu alikaa kwenye kigoda chake, kanzu imechanika ubavuni, na nilimwona akifikiri, jambo ambalo lilikuwa geni usoni mwake. Maana mtego ulikuwa wa chuma. Ikiwa kutaja ndiko kunakofungua njia, basi jina la mwisho ndilo la kweli, na yeye amelala na mke wa mwanawe, jambo ambalo kwetu halina mbuzi wa kulisafisha. Ikiwa jina la mwisho ni la uongo, basi kutaja hakufungui kitu.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Babu alikohoa, akatema mate pembeni.

"Mwanamke mwenye uchungu hana akili yake," akasema. "Maneno yake ni upepo. Akitaja, ni upepo. Asipotaja, ni upepo. Mtoto hutoka akitaka. Asisumbuliwe mtu kwa maneno ya namna hiyo."

"Umesema kweli, Jumbe," Baba Ndahani akaitikia kabla sentensi haijaisha. Wote wakaitikia. Sijaona wazee wakipata hekima kwa haraka namna ile. Neno lililokuwa sheria tangu kwa babu zao lilikufa kabla umande haujakauka, na sababu si kwamba liliua mwanamke, bali ni kwamba lilirarua kanzu. Kwa maisha yote yaliyobaki ya Babu, hakuna mwanamke wa kaya yetu aliyeulizwa tena juu ya ngozi. Waliogopa angejibu nini.

Mama Mdogo hakurudishwa kwao, kwa kuwa hakuwa na kosa: alichosema kilikuwa upepo. Baba aliporudi kutoka relini alimkuta mkewe mahali alipomwacha. Akamkagua mtoto masikio, akayaona kama yake, akaridhika, akaomba chakula.

Lakini narudi barazani asubuhi ile. Nilikuwa nimeleta maji ya kunywa, nimesimama na kata mkononi, nimesikia hukumu yote. Mtoto hutakiwa kuweka maji na kuondoka. Mimi sikuondoka.

"Babu," nikasema, "basi na mama yangu hakuwa na jina?"

Nilimwona Baba Mkubwa akitazama miguu yake. Baba Ndahani akawa na shughuli na lile jicho. Babu alinitazama kwa muda, na mpaka leo naapa alikuwa ameelewa nilichouliza.

"Ndama wamekunywa maji?" akauliza.

Nikajibu kwamba wamekunywa. Nikaweka kata chini nikaingia ndani, kwa Mama Mdogo aliyekuwa bado amekaa kwenye ngozi ananyonyesha. Nikamwambia alichosema Babu, neno kwa neno. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari ya mvua iliyonyesha shamba la jirani.

"Kama si jina," nikamuuliza, "mama aliuawa na nini?"

Akanivuta nikakaa karibu naye.

"Nilikuwepo," akasema. "Nilikuja kumsaidia kazi, kabla sijaletwa kuolewa, nilikuwa msichana bado, wakaniweka huko nyuma ya vilindo. Wewe nawe ulitanguliza miguu. Wakamshika chini, wakamuuliza, wakamuuliza, mpaka nguvu zikamwisha. Ulipotoka, zilikuwa zimebaki za kukutazama tu. Akakutazama."

Nilitazama miguu yangu. Ilikuwa na vumbi la barazani, na kidole kimoja kina kidonda cha kujikwaa. Nikasema, "Kumbe ni mimi niliyemuua."

Mama Mdogo alimhamisha mtoto ziwa la pili, akanishika kidevu, akakigeuza mpaka nikamtazama machoni.

"Wewe ulikuwa unazaliwa," akasema. "Watu wazima walikuwa wao."